Apelekwe Maziwa

Siku ile tulikuwa watano kando ya maji, bila kuhesabu ng'ombe. Nilikuwapo mimi, kifungua mimba, mchuma kahawa wa miaka kumi na sita. Alikuwapo mdogo wangu wa kiume, wa miaka kumi na mmoja, ambaye alikuwa amechimba mashimo manne tangu tufike. Alikuwapo mdogo wangu wa kike, wa miaka minane, ambaye kazi yake hapa duniani ilikuwa kuuliza maswali. Alikuwapo kitinda mimba wetu, msichana wa miaka mitatu na nusu, ameketi juu ya gunia na miguu yake imetiwa majini hadi vifundoni. Na alikuwapo tata, yaani dada yake baba, aliyefika asubuhi kwa gari la moshi kutoka Thika akiwa na kikapu na mwavuli mweusi. Wa sita, mchunga ng'ombe, alikuwa bado ng'ambo ya bwawa na wanyama wake, nasi hatukuwa tumesemezana naye zaidi ya "habari" na "mzuri".

Kama ungetuuliza tunafanya nini pale, tungekujibu kwa kiburi kwamba tuko likizoni. Ilikuwa siku ya tisa ya likizo ya mwezi mzima, likizo tuliyoandikiwa kwenye karatasi na kupigiwa muhuri. Sijasikia familia nyingine ya wachuma kahawa kati ya Ruiru na Thika iliyopewa likizo ya namna hiyo, na nikieleza tulivyoipata utaelewa ni kwa nini.

Mambo ya likizo tulijifunza kwa familia ya meneja wa shamba. Kila mwaka, baridi ya Agosti ilipotulia na ukungu kulala juu ya mikahawa hadi saa nne, meneja, mkewe na watoto wao watatu walipakia gari wakaenda baharini kubadilisha hewa. Mwaka ambao bahari iliwachosha, walikwenda kwenye ziwa fulani kule Bonde la Ufa. Sisi tulisimama kando ya barabara ya vumbi tukiwatazama, na kilichotushangaza ni vifaa. Kila mtoto alikuwa na ndoo yake ndogo na jembe lake dogo, vyote vya rangi. Mdogo wangu wa kiume alimuuliza mpishi wao kama huko baharini watoto wa Wazungu hulimishwa.

"Hawalimishwi," mpishi alisema. Alikuwa amewahi kwenda nao. "Wanakaa kwenye mchanga, wanachimba shimo. Wanajaza maji. Maji yanapotea, wanachimba lingine."

"Na hawapandi kitu?"

"Hawapandi kitu. Wiki mbili. Baba na mama wamelala hapo kando, wanatazama. Halafu wanarudi, wanasema wamepumzika."

Tulilifikiri sana jambo hilo. Sisi tulichimba mwaka mzima na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba tunapumzika. Lakini hatukuweza kukana kwamba dawa hiyo ilifanya kazi. Yule mtoto wao mdogo, aliyekohoa tangu Pasaka, aliondoka akiwa mweupe kama kiazi kilichomenywa akarudi mwekundu, anapiga kelele, anamrushia mpishi mawe. Nililiweka hilo akilini.

Baba yetu alichukuliwa katika msako hali ya hatari ilipokuwa kali, na habari zake zilizotufikia baadaye zilikuwa fupi. Mama alimfuata kwa homa kabla kitinda mimba hajaacha vizuri kunyonya. Nilikuwa darasa la nne. Nilirudisha kibao cha kuandikia Ijumaa, na Jumatatu nikafunga kikapu cha mama kiunoni.

Kwa darasa hilo la nne nilikuwa msomi mkuu wa laini yetu, yaani ule mstari wa vibanda vya wafanyakazi. Watu waliniletea barua, pasi, hata chupa za dawa ya mifugo, niwasomee. Nilisoma vyote kwa sauti kubwa na bila kusita, maana nilikuwa nimegundua mapema kwamba watu humwamini msomaji asiyesita. Maneno nisiyoyajua niliyapita kwa mwendo wa kasi, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa.

Mwaka huo, kuanzia mvua za Aprili, mtoto wetu mdogo aliacha kutembea. Hakuanguka wala hakuumia. Aliketi tu siku moja na hakuinuka. Mashavu yalimvimba, nasi tukafurahi tukidhani ananenepa. Kisha miguu ikavimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Nywele zikawa nyepesi na rangi ya ndevu za mahindi. Tulimpa ugali na viazi vitamu, chakula chetu wote, naye akageuza kichwa. Hakulia tena, na majirani wakanisifu kwamba nimemlea vizuri, ametulia. Tata alipopata habari alituma ujumbe kutoka Thika kwa mtu wa reli, naye mtu wa reli akaufikisha bila kupunguza neno: mtoto akishavimba miguu, hamalizi miezi miwili.

Nikampeleka kwa dresa wa zahanati ya shamba. Kulikuwa na foleni ndefu na dresa alikuwa na haraka. Alimbonyeza mguu, akamvuta unywele mmoja ukatoka bila ubishi, akaandika kwenye kipande cha karatasi, akapiga muhuri.

"Hii peleka haraka," alisema. "Usichelewe. Mwingine!"

Nilisoma karatasi nikiwa bado mlangoni. Iliandikwa: *Mtoto apelekwe maziwa kila siku mwezi mmoja.*

Leo kila mtu anajua alichokusudia. Alikusudia apelekewe. Karatasi ilikuwa ya karani wa ofisi, ili ofisi itoe maziwa. Lakini katika haraka yake dresa aliacha herufi moja nyuma, na mimi ndiye niliyekwenda kuishi ndani ya pengo hilo. Apelekwe maziwa. Yaani achukuliwe, apelekwe kwenye maziwa, palipo maji mengi, kama mtoto wa meneja. Kiswahili cha shuleni kingetaka "maziwani", hilo nililiona. Nikamsamehe dresa, maana hakuwa mwalimu.

Utaniuliza kwa nini sikufikiria maziwa ya kunywa. Ng'ombe wa meneja walikuwa wa gredi, wale wa mbegu ya Kizungu, na maziwa yao yalipanda gari la moshi kila alfajiri kwenda Nairobi katika makopo yenye vifuniko. Sijawahi kusikia mtoto wa laini aliyeandikiwa maziwa. Kupelekwa ziwani nilikuwa nimeona kwa macho yangu kunaponya, lakini mtu wa laini kunywa maziwa ya gredi kulikuwa jambo la kubuni.

Ili kuhakikisha, niliwatafsiria wadogo zangu kwa Kikuyu, na Kikuyu kikaniunga mkono kabisa, kwa sababu kwetu neno ni lile lile moja, *iria*, likiwa ndani ya kibuyu na likiwa limetanda hadi ng'ambo.

"Iria gani?" mdogo wangu wa kike aliuliza. "La kunywa au la kuoga?"

"Wewe umesoma darasa la ngapi?" nilimuuliza.

Alikuwa na miaka minane, hajawahi kuingia shuleni, na alikuwa sahihi, jambo ambalo hunikumbusha kila Krismasi.

Ziwa la kweli lilikuwa mbali, na siku zile Mkikuyu hakuvuka hata mto bila pasi. Lakini shamba lilikuwa na bwawa, kubwa vya kutosha kuwa na boti ya meneja iliyofunikwa turubai, matete, ndege wa majini, na injini iliyovuta maji ya kiwanda cha kahawa. Siku hizi bwawa hilo limejazwa udongo. Juu yake kuna nyumba za kupanga za ghorofa nne, upande wa kuelekea Kimbo, na wapangaji hulalamika kwamba hakuna maji.

Langoni alikaa askari mwenye rungu. Nilimwonyesha karatasi. Aliishika kichwa chini, akautazama muhuri kwa muda mrefu.

"Hii pasi ni ya watu wangapi?"

"Wanne."

"Mpaka lini?"

"Mwezi mmoja."

Alituangalia tena, mmoja mmoja, hasa miguu yetu. "Mwezi," alisema. "Hata bwana mkubwa hupata wiki mbili. Haya, piteni upande wa ng'ombe. Upande wa boti msikanyage."

Hivyo karatasi niliyopaswa kuiacha ofisini ikawa pasi, na pasi siku zile haikuachwa popote. Niliikunja nikaifunga kwenye pindo la kitambaa cha kichwa.

Basi tukaanza kupumzika. Mavuno yalikuwa madogo, kazi iliisha saa nane. Nilipima debe langu, nikakimbia nyumbani, nikamfunga mtoto mgongoni, nikawakusanya hao wawili, tukashuka hadi bwawani, tukamtia mtoto miguu majini. Jioni nilimbeba tena kupanda kilima, nikachota maji, nikasaga, nikapika. Likizo ilinichosha kuliko kupalilia. Nilidhani hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa hata mke wa meneja alikuwa akirudi na sura ya mtu aliyetoka vitani.

Siku ya kwanza mdogo wangu wa kike alikaa vizuri kwenye nyasi, mikono magotini.

"Tumeanza?"

"Tumeanza nini?"

"Kupumzika."

"Ndiyo."

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunatazama maji."

"Nayo yanafanya nini?"

"Yamekaa tu."

Alifikiri. "Basi yanapumzika vizuri kuliko sisi."

Mdogo wangu wa kiume alichukua kazi hiyo kwa bidii. Alikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia, mtupu, na kwa huo alichimba shimo, akalijaza maji, maji yakapotea, akachimba lingine. Siku ya tatu aliniambia kwamba haoni faida yake lakini ataendelea, pengine faida huja wiki ya pili.

Na mtoto akazidi kuwa mzito. Si uzito wa mwili, ni uzito wa mtu asiyejishikilia. Mwanzoni alinishika shingo nilipombeba. Siku ya saba hakunishika tena. Nilizidi kumtia miguu majini. Nilisema kwamba dawa kali hudhoofisha kwanza.

Siku ya tisa akaja tata. Tata alikuwa mwanamke wa maandalizi. Ndani ya kikapu chake hamkuwa na ndizi wala unga. Mlikuwa na shuka jipya jeupe, limekunjwa. Aliliona jicho langu likiliona, akafunika kikapu kwa kanga. Hakutueleza lolote, alisema tu: twende, nione hiyo dawa yenu. Nadhani askari alimpitisha kwa sababu ya mwavuli.

"Haiya!" alisema alipoona. "Miguu ya mtoto mgonjwa majini, Agosti?"

"Ndiyo dawa, tata. Imeandikwa."

"Na nani?"

"Na dresa."

"Ana watoto?"

"Sijui."

"Hana. Mwenye watoto hawezi kuandika ujinga kama huu. Lete nione."

Nilifungua pindo nikampa. Tata hakujua hata herufi moja. Aliisogeza karatasi mbali, akaileta karibu, akanirudishia.

"Ameandika vibaya," alisema. "Hata mstari wenyewe umeinama."

Wakati huo ng'ombe walikuwa wameuzunguka ukingo wa bwawa na kufika upande wetu. Mmoja, mwekundu mwenye doa usoni, aliinamisha kichwa akanywa karibu kabisa na gunia la mtoto. Mtoto aliinua mkono, akaugusa ule mdomo uliolowa. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku tatu kumwona akitaka kitu.

Mchunga ng'ombe alikuja nyuma yao, fimbo mabegani. Alikuwa mtu wa upande wa magharibi, mrefu, wa makamo, mwenye koti la jeshi lisilo na kifungo hata kimoja.

"Mama, hamjambo," alimwambia tata. Kisha akanigeukia. "Mimi nimewaona siku mingi. Kila siku mnaleta mtoto, mnaosha miguu, mnarudisha mtoto. Nikasema, sasa hawa ni kanisa gani?"

"Sisi si kanisa," nilisema. "Tuko likizoni."

"Liki-nini?"

"Ni amri ya daktari." Nikafungua karatasi nikamsomea kwa sauti kubwa na bila kusita: "Mtoto apelekwe maziwa kila siku mwezi mmoja."

"Soma tena."

Nilisoma tena.

"Masiwa," alisema polepole. Kwa mshangao, ulimi wa kwao ulimtoka hivyo. "Masiwa gani?"

"Hata mimi niliuliza," alisema mdogo wangu wa kike.

Hapo akaelewa. Alianza kucheka, akacheka hadi akaketi chini, fimbo ikamwanguka, ng'ombe wawili wakainua vichwa. Mdogo wangu wa kiume alicheka pia, kwa adabu, bila kujua kuna nini. Kisha yule mtu akanyoosha mkono, bado anacheka, akambonyeza mtoto mguu. Kidole kiliacha shimo. Alilitazama shimo hilo likikaa bila kujaa, na kicheko kikamtoka usoni.

"Yawa," aliguna kwa lugha yao, kama mtu aliyeona msiba. Kisha akaniita *nyathina*, ambayo kwa lugha yao ni mtoto wangu. "Sikia. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa. Ziwa lenyewe, si hii matope ya meneja. Kwetu watoto wanaogelea kabla hawajatembea. Sijaona hata mmoja amenenepa kwa kutazama maji. Daktari amesema maziwa. Ya ng'ombe. Ya kunywa."

Siku tisa. Siku tisa nilimbeba mgongoni nikampitisha katikati ya ng'ombe kumi na wanne wenye viwele vilivyojaa, ili nikamtie miguu katika maji baridi.

"Nilisema ameandika vibaya," tata alisema.

Mchunga ng'ombe alikuwa ameshauchukua mkebe wa kuchimbia. Aliusugua kwa mchanga, akausuuza mara tatu, akachutama chini ya yule mwekundu. Mtoto aligeuza kichwa mkebe ulipomkaribia. Yule mtu hakumlazimisha. Alichovya kidole chake kwenye povu akakiweka mdomoni mwa mtoto, akangoja. Tulingoja wote, hata mwenye maswali. Kisha tukaona koo lake likipanda na kushuka.

"Polepole," alisema. "Tumbo limesahau kazi. Leo kidogo, kesho kidogo."

Tata ndiye aliyekumbuka dini. "Baba, hayo ni maziwa ya meneja."

"Ndiyo, mama."

"Basi huo ni wizi."

"Mama, karatasi inasema mtoto apelekwe maziwa. Mmempeleka. Sasa si amefika? Wizi uko wapi?"

Tata aliitafakari hoja hiyo. Hakukuwa na jua, wala hakukuwa na mvua. Alifungua mwavuli wake mweusi, akasogea hatua nne, akasimama wima kati yetu na askari wa lango, akitazama ndege.

Kabla hatujaondoka yule mtu aliniambia mambo mawili. La kwanza: "Karatasi hiyo peleka ofisini kesho, upate maziwa yako kwa haki. Mpaka hapo mimi nitakupa." La pili alilisema akichora chini kwa fimbo. Alikuwa amesikia kwamba mimi ndiye msomi wa laini. Ilikuwa mwaka wa nne hajampelekea mama yake habari. Karani aliombwa, akataka kuku kwanza. Je, ningemwandikia?

"Maneno machache tu," alisema. "Aambiwe niko. Watu wakikaa kimya sana huku, kule kwetu wanafikiri wamekufa. Wanakaa matanga bure."

"Jumapili," nilisema. "Nitakuandikia Jumapili."

Nataka kusema ukweli kuhusu Jumapili hiyo. Sikuandika. Nilinunua karatasi na bahasha, nikanoa penseli, nikaketi. Nikaandika "Mama mpendwa", nikaanza kukagua herufi. Mimi niliyesoma barua za laini nzima kwa mbio sasa niliogopa maneno mawili. Niliwaza: nikiacha herufi moja nyuma, huyu mama mzee nitamtuma wapi? Nilisema wiki ijayo, nikishatulia. Na ofisini pia sikwenda. Karani angeuliza tarehe ya karatasi, ningelazimika kueleza siku tisa, naye angewaita wenzake waje wasikie. Niliweza njaa, niliweza baridi, niliweza msako. Kuchekwa sikukuweza. Tena, nilijiambia, karatasi ikibaki ofisini askari wa lango hatatupitisha. Sababu nzuri hazimpungukii mtu mwoga.

Likizo ikaendelea, safari hii kwa faida. Kila alasiri tulishuka bwawani na mkebe. Wiki ya kwanza mtoto alimeza vijiko. Ya pili, nusu mkebe, na maji yakaanza kumtoka miguuni, akakojoa usiku na mchana hadi tukakosa matambara. Tata alilikata lile shuka jeupe vipande vya kumfungia. Uvimbe ulipokwisha tulishtuka jinsi alivyokuwa mwembamba, lakini alikuwa ameanza kulia, na alilia kwa hasira, mtu mwenye madai. Majirani waliosifu utulivu wake waliniuliza nimemfanya nini.

Alasiri moja mchunga ng'ombe alichelewa kukamua. Alikuwa akimfunga yule mwekundu kamba ya miguu, mkebe uko chini, kama hatua sita kutoka gunia. Mtoto aliutazama mkebe. Akauonyesha kidole. Hakuna aliyeinuka. Akashika sikio la mdogo wangu wa kiume, akajivuta, akasimama. Akatembea zile hatua sita, magoti yakigongana, akaketi kwa kishindo, akaukumbatia mkebe mtupu. Mdogo wangu wa kiume alishika sikio lake na kusema kwamba sasa ameona faida.

Yule mtu alikamua. Baadaye, tukiondoka, aliniuliza tu: "Jumapili?"

"Jumapili hii," nilisema.

Wiki hiyo familia ya meneja ilirudi kutoka baharini, watoto wekundu, majembe yamejaa mchanga. Mke wa meneja alitembelea nyumba ya maziwa, akakuta kopo moja halifiki kwenye alama yake, na kwamba kwa siku nyingi halikuwa likifika. Mchunga ng'ombe aliitwa. Nilisimuliwa na mpishi. Aliulizwa maziwa yamekwenda wapi, akajibu kwamba aliyanywa yeye. Meneja akasema mtu mzima hawezi kunywa mkebe mzima kila siku. Akasema yeye anaweza, kwao wanapenda sana maziwa. Alipewa hadi adhuhuri awe ameondoka shambani.

Mimi nilikuwa nikichuma upande wa mbali, karibu na barabara ya Thika. Alipita nyumbani kwetu na kifurushi chake, akamkuta mdogo wangu wa kike peke yake na mtoto.

"Aliuliza nini?" nilimuuliza jioni.

"Aliuliza kama umeandika."

"Ukasemaje?"

"Nikasema umeandika *Mama mpendwa*."

"Akasemaje?"

"Akasema ni vizuri, mwanzo ndio mgumu. Nikamuuliza anaenda wapi. Akasema ziwani, lile la kweli. Halafu akamtembeza mtoto hadi mlangoni na kurudi, akaenda."

Asubuhi iliyofuata niliacha kikapu, nikaenda ofisini, nikaweka karatasi mbele ya karani na kumweleza yote, hata zile siku tisa. Nilitaka ajue kwamba maziwa yale yalikuwa yameandikwa, kwamba hakuna aliyeiba. Karani aliisoma, akacheka kama nilivyojua angecheka, akawaita wenzake wawili. Kisha akatazama tarehe ya muhuri.

"Hii ilikuwa ya mwezi mmoja," alisema. "Mwezi umekwisha juzi."

"Na yule mtu?"

"Mtu gani?"

Nikafungua kinywa nimtaje, nikagundua kwamba sijui jina lake. Ng'ombe wake wote nilijua majina yao. Mdogo wangu wa kiume alinifundisha. Yeye tulimwita mzee. Laini ilimwita kwa kabila lake, na karani akasema wa kabila hilo wameondoka watatu mwezi huo, namtaka yupi.

Mtoto yule sasa ni bibi mwenye magoti mazuri kuliko yangu. Kila Agosti huwapeleka wajukuu Mombasa, huniletea picha zao wakichimba, na maziwa hawezi hata kuyanusa. Mimi nimewauliza watu wa ziwa niliokutana nao, na nimekutana na wengi, viwandani Thika, sokoni Ruiru, kanisani: je, kwenu kuna mtu aliyechunga ng'ombe wa Mzungu huku, mrefu, mwenye koti la jeshi? Hunijibu kwa upole kwamba walikuwa wengi, na makoti hayo yalikuwa mengi vilevile. Mama yake bila shaka amekwisha kufa, na yeye pia, huenda. Sijui kama alimfikia kabla hawajamkalia matanga.

Barua nimeiandika. Niliimaliza Jumapili iliyofuata, ukurasa mmoja, nikaikagua herufi kwa herufi, nayo haina kosa. Nimeinakili upya kila karatasi ilipochakaa. Inasema kwamba yupo. Juu ya bahasha hakuna kitu.